Kompyuta yenye pampu na chupa ya rangi iliyobaki kabatini

Rubwera, makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, si mji mkubwa, lakini kompyuta si kitu cha ofisi za halmashauri peke yake tena. Ipo steshenari, inakochapwa barua ya maombi ya kazi na kujazwa fomu za mikopo ya elimu ya juu. Ipo kwa mpiga picha anayesafisha picha za harusi. Ipo kwa kijana anayehariri video za kwaya. Na katika baadhi ya nyumba ipo sebuleni, juu ya meza ileile ambayo mtoto wa darasa la pili anafanyia kazi za shule.

Nyingi ya kompyuta hizi hupozwa kwa feni. Lakini zipo nyingine, hasa zile zenye nguvu za kuhariri video na kuchezea michezo, ambazo ukifungua ubavu unakuta mipira miwili, rejeta nyembamba yenye feni zake, na kifaa kidogo cha mviringo kilichokaa juu ya prosesa. Kifaa hicho ni pampu. Ndani ya mipira kuna kimiminika kinachozunguka muda wote mashine ikiwa imewashwa. Mzazi anayeiona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani mtu amefunga vipuri vya gari ndani ya kompyuta, na hatakuwa amekosea sana.

Kwa familia, pampu hiyo huleta maswali mawili. La kwanza ni la fedha: je, kuna haja ya kuinunua? La pili ni la afya, na ndilo kubwa zaidi: kinachozunguka humo ni nini, na chupa iliyobaki imewekwa wapi?

Inavyofanya kazi

Njia rahisi ya kuielewa pampu hii ni kufikiria moyo. Mtu anapolima au kupanda mlima, misuli yake hutoa joto jingi. Joto hilo lisipotoka, mwili unaungua kwa ndani. Moyo husukuma damu, wastani wa lita tano kwa dakika mtu akiwa amepumzika, na damu hiyo hubeba joto kutoka ndani na kulifikisha kwenye ngozi. Ngozi hulitoa nje kwa hewa na jasho.

Ndani ya kompyuta, prosesa ndiyo msuli. Ya kompyuta mpakato ya kawaida hutumia wati 15 hadi 45. Ya kompyuta kubwa ya mezani inaweza kupita wati 200 ikifanya kazi nzito, na kadi ya kuchakata picha inaweza kupita wati 300. Balbu za zamani za wati 60 zilikuwa zinaunguza vidole. Hapa joto la balbu tatu au nne hutoka kwenye kipande chenye ukubwa wa stempu.

Pampu husukuma kimiminika kipite kwenye bamba la shaba lililogusana na prosesa. Kimiminika huchukua joto, hupitia kwenye mpira hadi kwenye rejeta, feni hupuliza joto nje, kisha kimiminika hurudi kuanza upya. Maji yana uwezo mkubwa wa kubeba joto kuliko hewa: kwa ujazo uleule, ni zaidi ya mara 3,000. Maji yakipita lita moja tu kwa dakika, yanaweza kuondoa joto la wati 200 huku yenyewe yakipanda karibu nyuzi tatu. Ndiyo maana pampu ndogo inayotumia umeme wa volti 12, na mara nyingi wati chache tu, inaweza kufanya kazi ambayo feni kubwa yenye kelele ingehangaika nayo.

Undani wake pia una busara. Katika pampu nyingi za aina hii, mota haina shafti inayotokeza nje, kwa hiyo hakuna sili ya kuchakaa na kuvuja. Panga linalosukuma kimiminika lina sumaku, na huzungushwa na nguvu ya sumaku kutoka kwenye nyaya zilizo upande wa pili wa ukuta wa plastiki. Kimiminika chenyewe ndicho kilainishi chake. Ndiyo sababu mafundi husisitiza pampu isiwashwe ikiwa kavu, hata kwa muda mfupi, maana itajisaga yenyewe.

Teknolojia hii si ngeni. Kompyuta kubwa za IBM za miaka ya 1960 zilipozwa kwa maji. Mwaka 1985 kompyuta ya Cray-2 ya Marekani ilizamishwa nzima kwenye kimiminika maalumu kisichopitisha umeme. Hata hospitalini wazo ni hilohilo. Bomba la eksirei ndani ya mashine ya CT scan hukaa kwenye mafuta, na pampu huyazungusha mafuta hayo ili yatoe joto. Mgonjwa wa ajali ya bodaboda anayepelekwa hospitali ya rufaa kupimwa kichwa anategemea, bila kujua, pampu ndogo iliyofichwa ndani ya mashine.

Je, nyumba ya Rubwera inaihitaji?

Kwa kazi nyingi za nyumbani na steshenari, hapana. Kuchapa, kutoa kopi, kujaza fomu za mtandaoni na kuangalia filamu ni kazi ambazo feni ya kawaida inaziweza vizuri. Hewa ya vilima vya Karagwe na Kyerwa nayo inasaidia, kwa kuwa ina ubaridi kuliko ya Dar es Salaam. Ila mtu asidhani ubaridi wa nje unatosha kuilinda mashine. Joto la kompyuta huzaliwa ndani, na likikosa njia ya kutoka, prosesa inaweza kufika nyuzi 90 hata asubuhi yenye ukungu.

Kinachoua kompyuta nyingi za vijijini na miji midogo ni vumbi. Barabara za udongo wakati wa kiangazi hujaza vumbi kwenye feni na kwenye mapezi ya kupozea, na hewa haipiti tena. Kabla ya kufikiria pampu, zima mashine, chomoa waya ukutani, fungua ubavu na usafishe kwa brashi laini kavu. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate hubeba unyevu na vumbi huishia machoni na kifuani mwako. Mwenye pumu asifanye kazi hiyo. Ampe mwingine, naye afunike pua.

Kompyuta mpakato nayo isiwekwe juu ya blanketi, godoro wala mapajani kwa saa nyingi. Matundu yake ya hewa huzibwa, na joto lililokosa njia huingia kwenye ngozi. Madaktari wa Uswisi waliandika mwaka 2010, katika jarida la Pediatrics, kuhusu mvulana wa miaka 12 ambaye paja lake lilibadilika rangi na kuwa na madoa kama wavu baada ya kuchezea kompyuta mpakato mapajani saa kadhaa kila siku kwa miezi. Watafiti wa Marekani waliopima wanaume 29 walieleza mwaka 2005 kwamba saa moja ya kukaa na kompyuta mpakato mapajani ilipandisha joto la korodani kwa zaidi ya nyuzi mbili na nusu, na joto la korodani ni jambo linalohusika na ubora wa mbegu za kiume. Meza ya mbao inatosha kuepusha yote hayo.

Pampu inafaa kwa anayehariri video kwa saa nyingi, anayetengeneza michoro mizito, au anayetaka mashine isiyo na kelele studio. Huyo naye ajue anachonunua, hasa kama ni mtumba.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Kwanza, umri. Mifumo mingi iliyofungwa kiwandani haijazwi upya. Kimiminika hupungua polepole sana kwa kupenya kwenye mipira, mwaka baada ya mwaka, na pampu huchakaa. Wengi huhesabu miaka mitano hadi saba. Kompyuta ya mtumba ya miaka minane yenye pampu yake ya asili ni sawa na kununua gari lenye mkanda wa injini ambao haujawahi kubadilishwa.

Pili, sauti. Pampu nzima hutoa mlio mdogo wa kutulia. Ikisikika inakoroma, inakwaruza au inabubujika, huenda imeingiwa na hewa au inaelekea kufa. Hewa hupanda juu siku zote, kwa hiyo pampu isiwe ndiyo sehemu ya juu kuliko zote kwenye mzunguko, la sivyo viputo hujikusanya ndani yake.

Tatu, joto. Mashine ikizima yenyewe dakika chache baada ya kuwashwa, huku prosesa ikiwa ya moto na rejeta ikiwa baridi, kimiminika hakizunguki. Prosesa za kisasa hujipunguza kasi au kujizima zikikaribia nyuzi 100, na hiyo ndiyo inayoziokoa. Umeme ukikatika ghafla hakuna hofu upande wa joto, kwa sababu pampu na prosesa huzima pamoja. Shida ni pampu kufa peke yake wakati kompyuta bado inachapa kazi.

Nne, madoa. Angalia kama kuna ukungu wa kijani, chumvi au mikwaruzo ya utelezi kwenye maungio ya mipira. Power Mac G5 za Apple zilizotoka mwaka 2004 zikiwa na mfumo wa kimiminika zilijulikana baadaye kwa kuvuja baadhi yake zilipozeeka, na kimiminika kikaharibu vilivyokuwa chini. Ukiona unyevu ndani ya kompyuta, usiguse. Chomoa kwanza kwenye soketi, kwa mikono mikavu na viatu miguuni, ndipo umwite fundi.

Rangi nzuri, sumu kali

Hapa ndipo mzazi anapaswa kusoma taratibu. Kimiminika cha kompyuta si maji matupu. Maji ya kisima au ya bomba yana chumvi zinazogandia kwenye shaba na vijidudu vinavyoota utando. Kwa hiyo hutumika maji safi yaliyoondolewa chumvi, na ndani yake huchanganywa dawa za kuzuia kutu na kuua vijidudu. Mara nyingi huongezwa pia glikoli. Zipo za aina mbili kubwa. Propilini glikoli ina madhara madogo kiasi. Ethilini glikoli ni sumu. Ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye kulanti nyingi za magari zinazouzwa kwenye maduka ya vipuri.

Hatari yake inaongezwa na mambo matatu. Haina harufu kali ya kumfukuza mtoto. Ina utamu. Na hutiwa rangi: kijani, buluu, nyekundu au waridi, rangi zilezile za juisi na dawa ya kikohozi ya watoto. Mtu mzima akitia mabaki kwenye chupa ya soda na kuiweka chini ya meza, ameandaa soda ya kufisha.

Kiasi kinachoweza kuua ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mtu mzima, takriban mililita 100 za ethilini glikoli halisi, yaani chini ya nusu kikombe, zinaweza kutosha. Kwa mtoto wa kilo 10, hesabu hiyo hushuka hadi karibu mililita 15, ambacho ni kijiko kimoja cha chakula. Iliyochanganywa na maji huwa na nguvu ndogo zaidi, lakini mzazi hana njia ya kupima nyumbani, kwa hiyo funda moja lichukuliwe kuwa ni dharura.

Sumu hii haiui ikiwa bado glikoli. Ini huigeuza kuwa asidi. Asidi huichafua damu, na sehemu yake hushikana na madini ya kalisi na kuwa chembechembe kali zinazoziba figo. Dunia iliona madhara ya familia hii ya kemikali mwaka 2022 nchini Gambia, ambako watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kazi. Mwezi Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizokutwa na ethilini glikoli na ndugu yake diethilini glikoli. Watoto wale hawakuchezea chupa za gereji. Walipewa dawa na wazazi waliotaka wapone. Chupa ya sumu iliyopo nyumbani, angalau, mzazi anaweza kuiondoa.

Dalili zinazodanganya

Katika saa za mwanzo mtoto huonekana kama amelewa: anayumba, anaongea ovyo au anasinzia, na mdomo wake haunuki pombe. Anaweza kutapika. Baadaye, kati ya saa 12 na 24, anapumua haraka na kwa nguvu, na moyo unakwenda mbio. Kati ya siku ya kwanza na ya tatu mkojo hupungua au hukatika kabisa, na maumivu ya ubavuni yanaweza kujitokeza.

Mkoani Kagera, mtoto anayetapika na kulegea hudhaniwa kwanza kuwa na malaria, na mara nyingi dhana hiyo huwa sahihi. Lakini kipimo cha malaria hakionyeshi sumu. Mhudumu wa zahanati hawezi kukisia kwamba nyumbani kuna kompyuta yenye kimiminika au dumu la kulanti. Ni mzazi, bibi au dada wa kazi anayepaswa kusema. Zipo pia saa ambazo mtoto huonekana amepata nafuu kati ya hatua moja na nyingine. Nafuu hiyo isimrudishe mtu nyumbani.

Mambo ya kufanya ni haya:

Mwondoe mtoto kwenye kimiminika, mfute mdomo, mvue nguo zilizolowa na umsafishe ngozi kwa maji na sabuni.

Usimtapishe. Usimlazimishe kunywa maziwa, mafuta ya kula wala mkaa uliosagwa. Maziwa ambayo wengi huyakimbilia hayaizuii sumu hii, na mtoto aliyesinzia anaweza kupaliwa nayo.

Usimpe rubisi wala pombe yoyote. Ni kweli kwamba hospitalini kilevi kilichopimwa huweza kutumika kuzuia ini lisiigeuze sumu, na ipo dawa nyingine maalumu ya kazi hiyo. Lakini vipimo vyake ni vya daktari, na pombe ya nyumbani inaweza kumuua mtoto kabla ya glikoli.

Chukua chupa yenyewe, hata kama imebaki tone, uende nayo kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Taja saa aliyokunywa na kiasi unachokadiria. Ushauri wa simu bila malipo hupatikana kwa namba 199 ya Wizara ya Afya, lakini piga ukiwa njiani, usisubiri nyumbani.

Muda ndio kila kitu. Sumu ikishafika kwenye figo, mgonjwa anaweza kuhitaji mashine ya kusafisha damu, huduma ya hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Kutoka Rubwera hadi Mwanza ni safari ya karibu siku nzima kwa basi. Saa ambayo mzazi ameipoteza akitafuta maziwa kwa jirani hawezi kuirudisha barabarani.

Kabati na jalala

Kuzuia ni kazi ya jioni moja. Kimiminika cha kompyuta, kulanti ya gari na asidi ya betri vibaki kwenye vyombo vyake vya asili vyenye lebo, vikiwa vimefungwa, mahali pa juu na penye kufuli. Visihamishiwe kwenye chupa ya soda, ya maji ya kunywa wala ya dawa. Fundi akija nyumbani kubadilisha kimiminika, aondoke na kilichotoka pamoja na kilichobaki. Kilichomwagika sakafuni kifutwe kwa tambara na kuoshwa mara moja, kwa sababu mtoto anayetambaa hulamba vidole, na mbuzi na mbwa nao hupenda utamu huo.

Kisimwagwe shambani kwenye migomba, kwenye mtaro wala karibu na kisima. Mwenye pampu inayojazwa kwa mkono achague kimiminika kilichoandikwa wazi kwamba kimetengenezwa kwa propilini glikoli, na kisicho na lebo akiache dukani. Akitaka kuongeza maji ya betri, asome chupa mara mbili, kwa kuwa dukani maji ya betri na asidi ya betri vinaweza kukaa rafu moja.

Mwisho, kijana mwenye kompyuta hiyo awaeleze wote wa nyumbani, akiwamo bibi na msaidizi wa kazi, kwamba ndani ya mashine kuna kimiminika cha sumu na chupa yake ipo wapi. Siku mtoto atakapolegea ghafla, huenda mwenye kompyuta yuko Bukoba au Kayanga kikazi, na wa kumweleza mhudumu wa afya akawa ni bibi aliyebaki na wajukuu.